Anko wa Maneno: Umenificha au Umenisitiri?

Safari hii meseji nyingi zimeangukia sehemu moja, mambo ya kuficha, sijui mmekubaliana wapi. Nimezichambua zimebaki tano na moja ya mtoto. Wale mlioniuliza maana za majina ya watoto wachanga naomba mvute subira, na yule aliyeniuliza kama "kuchepuka" ni Kiswahili sanifu, ndugu yangu we ulitaka sanifu ya nini?

Shikamoo Anko. Juzi kati nililetewa posa, sasa nyumbani viti havitoshi na vilivyopo vimechoka. Shangazi yangu akatuletea viti vyake na vikombe vyake vya kabatini, vile ambavyo sisi watoto hatujawahi hata kuruhusiwa kuvigusa, afu akaniazima na kitenge kipya nivae. Mambo yakaenda vizuri. Usiku nikamuandikia, "Asante sana shangazi kwa kunificha leo." Akajibu, "Nimekuficha, kwani umeiba?" Nikadhani utani, kumbe kesho yake ananitumia voisi ya dakika tatu kwamba shule tumeenda kukua tu, nilitakiwa niandike kunisitiri. Kwani Anko si kitu kilekile? Na inaandikwa sitiri, setiri au stiri? Mchumba wa mtu.

Marahaba mwanangu, na hongera ya posa. Shangazi yako yuko sahihi, ila dakika tatu kweli ni nyingi.

Tuanze na ficha, manake hili neno watu wanalidharau kwa sababu wamelijua tangu wakiwa wadogo, kumbe lina vituko vyake. Ukisema "ameficha funguo" hapo hakuna shida, kuna mtu na kuna kitu. Sasa angalia hii, "alinificha habari za msiba." Kilichofichwa ni habari, mimi ndo nimenyimwa kuzijua, lakini Kiswahili kinanichukua mimi kinaniweka tumboni mwa kitenzi, a-li-NI-ficha, kama vile kinavyofanya kwenye "alininyima". Halafu chukua "alinificha uvunguni." Hapo niliyefichwa ni mimi mwenyewe, na miguu yangu yote, na vumbi la uvunguni nimelila. Neno moja, kiambishi kilekile, maana mbili ambazo hazijuani. Kwahiyo ukimuandikia mtu "umenificha" ukaishia hapo, anabaki na mawili tu, ama alikuwa na jambo akakunyima, ama amekuchimbia mahali kwa sababu unatafutwa. Shangazi kachukua hilo la pili ndo maana kauliza umeiba nini.

Na ukitaka kuona jinsi herufi moja inavyobadilisha mambo, jaribu "nifichie hii hela" na "nifiche hii hela". Ya kwanza unamuomba mtu akutunzie pesa yako watu wengine wasiione. Ya pili unamuomba aifiche wewe usiione. Na wapo watu wanaohitaji hiyo ya pili, wanajijua.

Sasa sitiri. Hili limetoka Kiarabu, mzizi wake ni satara, kufunika, kuweka kitu mbele ya kitu, na ndo mzizi uleule unaotoa sitara kwa maana ya pazia. Ukilitazama haraka unaona ni ndugu pacha wa ficha, lakini fatilia linaangalia upande gani. Kuficha kunamuangalia yule wa nje, asione, asijue. Kusitiri kunamuangalia aliyefunikwa, asiaibike. Ndo maana mtu anaweza kusitiriwa huku dunia nzima inaona, jambo ambalo kwenye kuficha haliwezekani kabisa, ukifichwa watu wanaona basi hujafichwa.

Chukua nguo. Tunasema vazi la stara, na hakuna mtu duniani asiyejua chini ya nguo kuna nini, mwili wa binadamu haujawahi kuwa siri ya serikali. Chukua nyumba. Mtu anasema "namshukuru Mungu nimepata kibanda changu cha kujisitiri", na hapohapo anakuelekeza njia, ukifika kwenye mti kata kushoto, kwahiyo hajajificha mtu hapo. Chukua msiba, wanaporudi makaburini wanasema "tumeshamsitiri ndugu yetu." Kijiji kizima kilikuwepo, wengine walishika jembe. Jaribu kuweka neno lako pale, "tumeshamficha ndugu yetu", uone kama hujaitwa kituoni kutoa maelezo.

Mfano unaonipendeza kuliko yote uko kwenye Biblia ya Kiswahili. Kwenye Mithali 28:13 imeandikwa "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa." Kwenye Zaburi 32:1 imeandikwa heri aliyesamehewa dhambi, "na kusitiriwa makosa yake." Unaona kazi hiyo? Kinachofunikwa kote kuwili ni kilekile, makosa ya mtu, ila kuficha amefanya mwenyewe kwa ujanja wake na anapigwa, kusitiriwa amefanyiwa na anaitwa mwenye heri. Waislamu nao wanayo hadithi maarufu, mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Hebu iseme kwa "kumficha" uone inavyogeuka kuwa habari ya mtu na mshirika wake.

Kwahiyo turudi kwenye viti. Inawezekana kabisa wageni wako waligundua kwamba vile viti na lile zulia havijawahi kuishi pamoja. Watu wazima wale, wanajua. Na wala hawakudanganywa, walipokelewa kwa heshima na wewe ukakaa bila kuona haya, basi, hiyo ndo stara na shangazi ndo kaitoa. Muandikie tena, "asante shangazi kwa kunisitiri", na vikombe urudishe vyote.

Kuhusu maandishi, zote tatu utazikuta zimeandikwa na watu wenye akili zao. Mdomoni tunasema stiri kwa sababu ile i ya kwanza inamezwa. Mimi kwenye kitenzi naandika sitiri, kwenye nomino naandika stara, na sijawahi kupelekwa baraza la mtaa kwa hilo.

Habari za kazi Anko. Mi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mweka hazina tulimgundua amekula hela ya mfuko, sio mara moja. Tulipotaka kuitisha kikao, wakubwa wa kikundi wakasema hapana, "msitirini mwenzenu, funika kombe mwanaharamu apite." Tumefunika, lakini roho inauma. Hii nayo ndo kusitiri? Katibu asiye na raha.

Nzuri ndugu katibu, pole sana. Mambo ya hela siwezi kukusaidia, ya maneno naweza.

Huo msemo ni mtamu na ndo maana unatumiwa vibaya. Kombe ni sahani kubwa ile ya kupakulia watu wengi. Picha ni kwamba mmekaa mnakula, anatokea mtu asiyehusika na msiyemtaka, basi mnafunika sahani, mnazungumza mengine, apite. Sasa watu wakitamka huu msemo mkazo wote wanauweka kwenye "funika", mimi nauweka kwenye "apite". Ni jambo la muda. Akishapita mnafunua mnaendelea kula na mnaongea yenu. Hakuna sehemu msemo umesema funika kombe milele chakula kichachie humo.

Na kingine, mwanaharamu ni nani kwenye kikundi chenu? Kwenye msemo ni mpita njia, mtu wa nje. Nyie mmefunika kombe ili wanachama wasione, na wanachama ndo wenye chakula! Yaani mwenye sahani kafanywa mwanaharamu, aliyekula peke yake kakalishwa mkekani. Hapo msemo umepinduliwa kichwa chini miguu juu.

Namna yangu ya kuyapima haya maneno ni hii, naangalia nani analipia ule ufuniko. Jirani yako kakosea, kalewa kaanguka mtaroni, umemuokota umempeleka kwao usiku kimya kimya na kesho hujamsimulia mtu. Aibu ilikuwa yake peke yake, na kwa kunyamaza kwako hakuna mtu aliyepungukiwa hata senti. Umemsitiri. Lakini kama kunyamaza kwako kuna watu wengine wanaumia, hela yao haionekani na hawajui waulize wapi, hiyo sio stara, mnaficha, afu mnaipaka stara juu ili inukie vizuri. Si mnajua ile methali, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha anaona yote, na anakaa nayo mpaka anakufa, hasemi. Lakini mwosha hajamuua marehemu wala hagawani urithi. Angekuwa ndo kamuua, ule ukimya wake tungeuita jina lingine.

Kama wakubwa wenu wanataka kweli kumsitiri, nafasi ipo. Huenda hela imeenda kwenye kamari, huenda kuna mgonjwa, huenda kuna mambo ya ndani kwake yanayotia haya. Hayo ndo ya kusitiri, hayahitaji kusomwa kwenye kikao. Kiasi kilichopotea na namna kitakavyorudi, hicho kisemwe. Na mkiendelea kufunika, ile nyingine mnaijua, mficha maradhi kifo humuumbua, na wengine wanasema kilio humfichua. Mimi napenda hiyo ya kilio, manake inakuonesha kabisa watu wanavyosikia yowe kutoka nyumba ambayo jana walikuwa wanaambiwa "hajambo, amelala tu."

Anko shikamoo, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwalimu alisema kinyume cha ficha ni fichua. Nikamuuliza kinyume cha sitiri mbona sio "sitirua", darasa likacheka na yeye akasema nisilete mzaha. Sikuwa naleta mzaha.

Marahaba mwanangu, na swali lako ni zuri kuliko kicheko cha darasa zima.

Ile -ua ya mwisho ni kifaa cha Kibantu, kazi yake kubwa ni kufungua kilichofungwa, kutendua kilichotendwa. Ficha, fichua. Fumba, fumbua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Ikikutana na choma inakuwa o, chomoa. Na ikikutana na kitenzi chenye -ika mara nyingi ile -ika inang'oka kwanza, bandika inatoa bandua, tandika tandua, anika anua, funika funua. Fukia nayo inatoa fukua. Angalia ni mangapi kati ya hayo yanahusu kufunika na kufunua, Kiswahili kinapenda sana mchezo huo. Ila usije ukakimbilia kila -ua ukadhani inatendua kitu, nunua haina uhusiano na "nuna", umenuna sokoni ukanunua, hapana.

Sitiri ni mgeni, amekuja na mavazi yake, na wageni wa Kiarabu hiki kifaa cha -ua hawakipokei. Hutasikia "rudua", wala "samehua". Lakini usidhani sitiri hana mpinzani. Mpinzani wake naye alipanda jahazi lilelile akaja, na wewe unalisoma kila siku kwenye magazeti, ni kashifu. Kwa Kiarabu kashafa ni kufunua, kuondoa kifuniko. Huku kwetu limekaza maana, kumkashifu mtu ni kumvua nguo mbele za watu kwa maneno, na kashfa ndo hiyo unayoisikia, kashfa ya fulani, kashfa ya hela za mradi. Kwahiyo satara na kashafa walikuwa mahasimu hukohuko walikotoka, wamefika huku wanaendelea kugombana. Mwambie mwalimu kwa adabu, na chagua siku ambayo hajasahihisha mitihani.

Kuna na kuumbua pia, hili ni letu. Umba ni kukipa kitu umbo, umbua ni kuliharibu lile umbo, ndo maana mtu "akiumbuka" unamuona kabisa uso umemshuka hauna sura.

Na wakati tuko hapo, fichika na fichama sio mamoja. Fichika inabeba uwezekano, mapenzi ni kikohozi hayafichiki, yaani ukijaribu utashindwa. Fichama ni kukaa katika hali ya kufichwa, ile -ama ni ya mkao, ndo hiyo ya inama, kwama, gandama. "Maana iliyofichama" ni maana iliyokaa humo ndani imetulia inakusubiri. Wanaoandika insha za fasihi wanaipenda sana.

Malalamiko yangu binafsi kidogo. Mtu anayefichua maovu kazini kwake tunaye jina lake zuri tu, mfichuzi. Siku hizi naona watu wanaandika "mpuliza filimbi". Mpuliza filimbi mimi namjua, yuko uwanjani na kaptula nyeusi, anatoa kadi.

Anko mambo. Mi na mume wangu tunabishana. Kaweka paswedi kwenye simu, nikimuuliza anasema "simu ni faragha yangu". Mi namwambia hiyo sio faragha, hiyo ni siri. Nani yuko sahihi? Tutakubali utakachosema. Mama wa wawili.

Poa dada, ila hiyo sentensi ya mwisho imenitisha. Mi naamua neno, ndoa muamue wenyewe.

Siri ni jambo ambalo wengine hawatakiwi kulijua. Faragha ni nafasi ya mtu, kule anakokuwa peke yake au na anaowataka, bila macho ya wengine. Mfano rahisi kuliko yote ni choo. Choo ni faragha, sio siri. Kila mtu anajua umeenda wapi, anajua unaenda kufanya nini, na bado unafunga mlango, na mwenye akili timamu hagongi kukuuliza unaficha nini humo ndani. Kura ni siri, hii ni kinyume chake. Watu wote wanakuona umeingia kwenye kale kachumba, wamekupaka wino kidoleni, kilichofichwa ni ulichokichagua tu.

Watunga sheria wamelichagua neno lao. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, ibara ya 16, inaitwa haki ya faragha na ya usalama wa mtu, na ndani yake kuna maisha binafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake binafsi. Hawakuandika haki ya siri. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo haikulindi kwa sababu una madhambi, inakulinda kwa sababu taarifa ni zako.

Kwahiyo kwa lugha, mumeo yuko sahihi, simu yenye paswedi ni faragha. Lakini na wewe haujakosa kabisa, manake ndani ya faragha mtu anaweza kuweka siri, kama vile mtu anavyoweza kujifungia chooni akavuta sigara. Neno faragha linaeleza mlango, halielezi kilichoko nyuma ya mlango. Akigeuza skrini chini kila ukipita, hapo sio faragha tena, hapo dada anakuficha, na sasa unajua nani yuko tumboni mwa kitenzi.

Anko, kwenye mpira kila siku tunasikia timu "imetia kibindoni pointi tatu". Kibindo ni nini hasa, ni mfuko? Na kuna siku waliandika timu "imejichimbia" sijui wapi, tukabishana kijiweni kama wamekosea. Shabiki.

Hawajakosea, shabiki. Kujichimbia ni kwenda mahali na kutulia humo usionekane onekane, picha ni ya mnyama aliyechimba shimo akaingia. Timu inajichimbia kambini, mwanafunzi anajichimbia maktaba. Tofauti na kujibanza, kujibanza unajibana nyuma ya kitu, ukutani, nyuma ya mlango, pumzi umeishika, na kwa kawaida miguu inaonekana.

Kibindo sio mfuko, na hapo ndo utamu ulipo. Mtu akivaa shuka, kikoi, msuli au kanga kiunoni, ule ukingo wa juu anauviringisha na kuukaza ili nguo isianguke. Ule mkunjo unaotokea pale kiunoni ndo kibindo. Kinakaa kwenye ngozi, kati ya nguo na tumbo, ukitia kitu pale hakuna wa kukuchomolea bila kukugusa mwili. Na kitendo chenyewe cha kukitia pale kina kitenzi chake, kufutika, ambacho vijana wengi hawakijui tena kwa sababu suruali imekuja na mifuko yake na kitenzi kimekosa kazi. Alifutika kisu, alifutika noti, alifutika ugoro. Usikichanganye na kufutika kwa maandishi ubaoni, hiyo imetoka kwenye futa, hawa wawili wanafanana sura tu.

Bibi yangu mimi alikuwa na mifumo miwili. Hela ndogo alifunga kwenye pindo la kanga, pindo ni ule ukingo wa nguo, anachukua ile pembe anaweka sarafu katikati, anapiga fundo gumu kama punje ya mahindi. Hiyo ilikuwa ya kutoa sadaka na ya kutuma watoto dukani, na kuifungua alitumia meno, unasubiri pale umesimama yeye anahangaika na fundo, hela ikitoka ina joto na ina unyevunyevu. Hela kubwa ilikuwa kibindoni, na hiyo sijawahi kumuona akiitoa. Aliingia chumbani akarudi nayo mkononi amefumbata, ngumi imefungwa, anakufumbatisha na wewe bila kufungua, anakukunja vidole vyako mwenyewe na kusema nenda. Hata mimi niliyepewa sikujua nimepewa ngapi mpaka nifike kona.

Ndo maana naona watangazaji wa mpira wamelipatia. Pointi zikishaingia kibindoni mpinzani hawezi kuzirudisha, mechi imeisha, refa keshapuliza. Ila wakisema timu "imetia kibindoni pointi moja" baada ya sare ya nyumbani, mi naona hiyo ni ya pindo.

Anko mimi nina miaka kumi. Mchezo wa kujificha jina lake halisi ni nani?

Mjukuu, majina ni mengi kwa sababu watoto ni wengi. Tanzania watoto wengi wanauita kombolela, Nairobi utasikia brikicho, na sehemu nyingine wanasema tu "tucheze kujificha" wakaelewana. Yote ni halisi. Kinachotakiwa ni yule anayehesabu afumbe macho kweli, asichungulie kwenye vidole.

Na mahali unapojificha panaitwa maficho, kwa wingi hivohivo hata kama ni nyuma ya pipa moja tu. Ukiwa humo uko mafichoni. Usiniambie ni wapi.